Podikasti, kikao cha asubuhi, Zoom au sauti za WhatsApp: kipi kikufundishe nini

Kati ya Arusha na Moshi ni kilomita 80 hivi. Koasta ikiokota abiria Tengeru, Usa River, njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA na Boma Ng'ombe, karibu saa mbili zinakwisha. Mtumishi wa afya mwenye hedifoni anaweza kumaliza vipindi vitatu au vinne vya podikasti za kitabibu kabla hajashuka stendi. Hiyo ndiyo raha yake: haidai meza, haidai mwanga, wala haidai uache kufua nguo za zamu. Ila muda huohuo unagombewa na njia nyingine tatu ambazo karibu kila mtumishi tayari anazo, yaani kikao cha asubuhi cha hospitali, mafunzo ya Zoom yenye cheti, na sauti zinazozunguka kwenye kundi la WhatsApp la wodi. Kila moja ina kazi inayoiweza na kazi inayoishinda. Tunachoona kikiharibika mara nyingi ni mtu kuchota somo mahali ambapo somo hilo halikai: anajifunza dozi kwa sikio, au anatarajia kikao cha nusu saa kimfundishe namna ya kufikiri.

Hoja inakaa sikioni, namba inadondoka

Podikasti inashinda zote pale unapotaka kumsikia mtu mzoefu akifikiri. Mgonjwa ana homa ya wiki tatu na amekonda. Mzungumzaji anataja anachokihofia kwanza, anaeleza kwa nini kipimo cha kwanza hakijamridhisha, kisha picha ya kifua inarudi naye anageuza mawazo hadharani. Kwenye raundi ya wodi bingwa hana nafasi ya kuyasema yote hayo, maana wagonjwa 30 wanamsubiri. Kitabu nacho hukupa hitimisho na kukuficha kusitasita kulikolitangulia. Maelezo ya utafiti mpya, namna ya kumpa ndugu habari nzito, ubishi wa wataalamu ambao haujapata jibu, hayo nayo huingia vizuri kwa sauti kwa sababu yana mtiririko wa hadithi.

Dozi haina mtiririko huo. Chukua magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia kwenye mshipa ni gramu 4. Dawa ikiwa ya asilimia 50, kila ml 2 ina gramu 1, kwa hiyo unavuta ml 8, unaongeza ml 12 za maji ya sindano, unapata ml 20 za asilimia 20, na unazisukuma polepole, dakika 5 kwa uchache. Halafu gramu 10 za msuli: gramu 5 kila tako, yaani ml 10 kila upande, ikichanganywa na ml 1 ya lignokeini ya asilimia 2. Umesoma namba zaidi ya kumi katika mistari michache, na kama moja imekuponyoka, jicho lako limerudi nyuma bila hata kukuuliza. Sasa zisikie kwa Kiingereza ndani ya koasta, kondakta akigonga bodi na abiria akiomba kushushwa Maji ya Chai. Kumi na tano na hamsini za Kiingereza zinatofautiana kwa mlio mdogo wa mwisho, na mlio huo ndio injini inaoumeza kwanza. Asilimia 50 ikigeuka 15 kichwani, ml za kuvuta zinabadilika zaidi ya mara tatu.

Kwa hiyo dozi isitoke podikasti kwenda moja kwa moja kwenye sindano. Ukisikia dozi inayokugusa, andika jina la dawa na dakika ya kipindi, basi. Ukifika, fungua mwongozo wa taifa wa matibabu, ule ambao wengi tunauita STG, toleo la sita la 2021, ulinganishe. Mwongozo ukiwa kwenye simu kama faili, kutafuta jina la dawa ni kazi ya sekunde kumi.

Kingine kisichosikika ni upele. Mzungumzaji hodari kiasi gani akueleze madoa "mekundu yenye kingo zilizoinuka", bado hujaona jinsi yanavyoonekana kwenye ngozi nyeusi, ambako wekundu mara nyingi huwa zambarau au kijivu, au hauonekani kabisa. Moshi pana kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, pale hospitali ya rufaa ya KCMC. Kwa somo hilo siku moja ya kliniki ina faida kuliko vipindi ishirini. Vivyo hivyo picha za eksirei, EKG (mchoro wa umeme wa moyo), na kila kitu cha mikono: kushona, kuingiza mpira, kuokoa mtoto mchanga asiyepumua.

Sauti za mwili ndizo zinazovunja kanuni hii, kwa kuwa zenyewe ni somo la sikio. Kukoroma kwa mtoto mwenye koo lililobana, filimbi ya pumu, mlio wa moyo wenye valvu iliyobana kutokana na homa ya baridi yabisi: hayo podikasti inayafundisha kuliko kitabu chochote. Lakini kuna mtego wa vifaa. Milio ya moyo iko chini sana, sehemu kubwa kati ya hezi 20 na 200, na spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa. Ukisikiliza ngurumo ya valvu ya mitro kwenye spika ya simu utasikia kimya, kisha utaamini ndivyo inavyosikika. Vaa hedifoni zinazoziba sikio vizuri, chumba kiwe kimya, na usiongeze kasi.

Kipindi cha ng'ambo kwenye wodi ya huku

Hapa ndipo pa kukaa sana, kwa sababu hapa ndipo podikasti inapotia hasara bila mtu kujua.

Podikasti nyingi za kitabibu zilizotengenezwa vizuri hutoka Marekani, Uingereza, Kanada na Australia. Zinasema kweli, ila ukweli wa hospitali yenye pampu za dawa, chumba cha uangalizi mahututi, na maabara inayojibu ndani ya saa moja. Tofauti ya kwanza ni vipimo. Mmarekani akisema sukari ya mgonjwa ni 180, anasema kwa mg/dL. Gawa kwa 18, unapata 10 mmol/L, namba uliyozoea kuiona kwenye glukomita. Kreatinini yake zidisha kwa 88.4: 1.5 kwake ni kama mikromoli 133 kwa lita kwako. Joto la 101 kwake ni 38.3 kwako. Hemoglobini ya Mmarekani haihitaji hesabu, ni g/dL kama huku; Mwingereza na Mwaustralia husema g/L, hiyo gawa kwa 10. Andika hizo tatu za kwanza nyuma ya kitambulisho chako, zitakutosha mwaka mzima.

Majina ya dawa ni rahisi zaidi, lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kusikiliza nusu saa nzima bila kujua kwamba "acetaminophen" ni parasetamoli aliyoimeza juzi. "Albuterol" ni salbutamoli, "epinephrine" ni adrenalini, "meperidine" ni pethidini.

Tofauti ya tatu haina hesabu ya kuisahihisha, nayo ndiyo inayoua. Mfano wake bora ni maji ya mshipa kwa mtoto mwenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofu. Kwa miaka mingi mafunzo ya nchi tajiri yalihimiza kumwagia mtoto wa aina hiyo maji mengi haraka. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000, ulitoa jibu lililoshtua. Waliopewa maji kwa kasi walikufa zaidi: kufikia saa 48, kama asilimia 10.5 kwao dhidi ya asilimia 7.3 kwa wale ambao hawakupewa kwa kasi. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo, hivyo matokeo hayo usiyapeleke kwa mtoto aliyekauka kwa kuhara. Huyo ana mpango wake. Lakini kwa mtoto wa malaria kali au sepsisi (maambukizi yaliyouzidi mwili nguvu) kwenye wodi isiyo na mashine ya kupumulia, kipindi cha Chicago kinachosema "mjaze maji" kinaweza kuwa sahihi Chicago na kosa Karatu.

Basi kila kipindi cha tiba kiulize maswali matatu kabla ya kukiamini. Wagonjwa wa utafiti walitoka wapi? Kifaa au dawa inayotajwa ipo kwenye kituo changu, na isipokuwepo mpango wa pili ni upi? Mwongozo wetu unasemaje? La tatu likigongana na kipindi, mwongozo unashinda mpaka wakubwa wa idara waseme vingine. Hata magnesiamu ileile ya hapo juu: wazungumzaji wa ng'ambo huendeleza dozi kwa pampu, gramu 1 hadi 2 kila saa, ilhali pasipo pampu njia salama ni sindano ya msuli ya gramu 5 kila saa 4, ukiangalia kwanza goti linaruka likigongwa, pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, na mkojo unatoka.

Haina maana kwamba kila cha redio ya mbali kitupwe. Utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, kuhusu mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, ulihusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na zaidi ya wanawake 210,000. Uligundua kwamba kupima damu kwa mfuko wenye alama na kutoa tiba zote kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine kulipunguza madhara makubwa kwa asilimia 60. Ukikuta kipindi kinachochambua utafiti huo, kimetengenezwa popote kitakavyokuwa, kinazungumza juu ya wodi yako.

Umri wa kipindi nao ni nchi ya mbali. Kipindi cha VVU cha kabla ya 2018 kinaweza kukupa efavirenz kama chaguo la kwanza. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dolutegravir. Kipindi cha kifua kikuu sugu cha kabla ya 2022 kitazungumzia matibabu ya miezi 9 hadi 20, wakati leo kuna mpango wa miezi 6 kwa wagonjwa wengi. Na kwa somo hilo mkaazi wa Kilimanjaro hana haja ya kwenda mbali, maana Kibong'oto, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, iko Siha. Podikasti haifutwi ikizeeka. Inakaa pale pale kwenye orodha, na programu inakupendekezea kama mpya. Tazama tarehe kabla ya kubonyeza.

Kikao cha asubuhi

Saa moja na nusu asubuhi, zamu ya usiku inakabidhi, kesi moja inawasilishwa, picha inawekwa kwenye taa au skrini, bingwa anauliza. Kwa mambo mawili kikao hakina mpinzani. Kwanza, kinazungumzia mgonjwa wa hapa, mwenye dawa iliyopo duka la hospitali wiki hii, ambaye ndugu zake watamsafirisha kutoka Rombo au hawatamsafirisha. Pili, unaweza kuuliza ukajibiwa papo hapo, na ukikosea unasahihishwa kabla kosa halijafika kitandani.

Udhaifu wake unajulikana kwa yeyote aliyewahi kukaa kiti cha nyuma. Aliyetoka zamu anasinzia. Muuguzi aliyebaki wodini anakosa kila siku, na ndiye mwenye kumwona mgonjwa saa nyingi zaidi. Mwanafunzi hathubutu kumuuliza bingwa swali analodhani ni la kitoto. Na kikiisha kimeisha: hakuna rekodi, hakuna anayejua wiki iliyopita walikubaliana nini kuhusu mgonjwa wa sukari. Podikasti inarudiwa mara tatu bila mtu kukuangalia kwa jicho la pembeni.

Njia ya kuviunganisha, ambayo idara inaweza kuianza bila bajeti, ni hii. Ijumaa anatajwa mtu mmoja na kipindi kimoja kisichozidi dakika 30. Kila mmoja anakipakua mwenyewe. Jumatatu dakika 10 za kwanza za kikao zinakuwa za kipindi hicho: mtajwa anasema mambo matatu kilichosema, bingwa anasema lipi linafaa hapa na lipi halifai, na mtu wa famasi anasema dawa ipi ipo. Hizo dakika za bingwa na famasi ndizo zinazokifanya kipindi cha ng'ambo kiwe cha Moshi. Pakikosekana hizo, mtakuwa na klabu ya kusikiliza tu.

Zoom yenye cheti

Nguvu ya Zoom ni mtaalamu aliye hai aliye mbali na wewe. Mtindo wa kujadili kesi halisi kwa mtandao, kituo kidogo kikiwasilisha na wataalamu wakishauri, ulianzishwa na Dkt. Sanjeev Arora huko New Mexico mwaka 2003 kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C, na sasa umeenea. Kwa zahanati ya Longido ambayo haitamwona bingwa mwaka huu, kikao cha namna hiyo kinazidi podikasti yoyote, kwa sababu kesi ni ya Longido.

Lakini Zoom nyingi hazina kesi. Ni slaidi 60 zinazosomwa, wasikilizaji 200 waliozima kamera, na kiungo cha cheti kinachotupwa mwishoni. Hiyo ni podikasti mbaya yenye bei kubwa. Tazama bando lako, kwa kila dakika 30:

| Njia | MB, takriban |
|---|---|
| Sauti ya WhatsApp | 4 hadi 5 |
| Podikasti ya mono, kilobiti 64 kwa sekunde | 14 |
| Podikasti ya stereo, kilobiti 128 | 29 |
| Zoom ya kundi yenye video | 400 na zaidi |

Podikasti una nafasi ya kuipakua usiku kwenye Wi-Fi ya hospitali au hosteli, ukaisikiliza bila bando. Kwenye AntennaPod, programu ya bure ya Android isiyo na matangazo, ingia mipangilio ya kupakua, ruhusu Wi-Fi peke yake, weka kikomo cha vipindi 10, na uamuru vifutwe vikishasikilizwa. Bila kikomo simu ndogo inaweza kujaa, ukaanza kufuta picha za watoto. Spotify inapakua podikasti hata kwa asiyelipia. Google Podcasts ilifungwa 2024, kwa hiyo maelekezo ya zamani yanayoitaja yaruke.

Kuhusu pointi za CPD, yaani za mafunzo endelevu ya kitaaluma: kusikiliza podikasti hakuachi orodha ya mahudhurio, na pointi za bodi za Marekani zinazouzwa pamoja na baadhi ya podikasti usidhani zinaingia zenyewe kwenye leseni yako ya huku. Uliza baraza lako, liwe la Madaktari, la Uuguzi na Ukunga au la Famasi, kabla hujalipa. Kama leseni inakaribia kuhuishwa na pointi hazijatosha, chagua Zoom iliyosajiliwa au mafunzo ya ana kwa ana, na podikasti ziweke kando kwa muda.

Sauti za WhatsApp

Ni nyepesi, ni za Kiswahili, na zinatoka kwa mtu unayemjua. Daktari wa watoto akieleza kwa dakika 3 namna ya kumnyonyesha mtoto njiti kwa kikombe, kundi zima linaelewa, na hakuna podikasti ya Kiingereza inayofikia hapo.

Tatizo ni kwamba sauti ikishatumwa mara ya tatu inapoteza mwenyewe. Haina jina, haina tarehe, haina chanzo. Huwezi kutafuta neno ndani yake. Baada ya miezi miwili utapekua sauti 90 zenye alama ileile ya kipaza sauti. Na humo ndimo siri za wagonjwa huvujia: "yule mama wa Majengo aliyekuja juzi" inatosha mtaa mzima kumjua. Sauti ya kitabibu isiyoanza kwa jina la msemaji, tarehe, na mwongozo aliotumia, msiisambaze. Iliyo na hayo, hifadhini mahali pamoja na muipe jina la maneno, kwa mfano "Njiti kikombe Machi 2025".

Kusikiliza bila kusahau

Mtu anayemaliza kipindi husema amekielewa. Mwulize Alhamisi. Jaribio la Roediger na Karpicke la 2006 lilionyesha jambo hili kwa wanafunzi waliosoma makala: waliorudia kusoma tu walikumbuka asilimia 40 baada ya wiki, na waliosoma mara moja kisha wakajijaribu mara tatu walikumbuka asilimia 61. Kinachouma ni kwamba dakika 5 baada ya somo walikuwa ni wale wa kurudia walioonekana kujua zaidi. Kwa podikasti, kusikiliza mara ya pili ndiko kurudia kusoma.

Fanya hivi badala yake. Kabla ya kubonyeza, andika swali moja unalotaka lijibiwe. Kila baada ya dakika 10 simamisha, useme kwa midomo yako mambo matatu uliyoyasikia; ukiwa kwenye koasta, yaseme kimoyomoyo, hakuna atakayekushangaa. Ukishuka, andika kadi mbili za swali na jibu, si muhtasari. Siku hiyohiyo fungua mwongozo, usahihishe namba. Jipime tena baada ya siku 2, kisha wiki 1, kisha wiki 3.

Kasi nayo inajadiliwa sana kuliko inavyostahili. Kwa somo unalolijua, 1.5 inafaa na dakika 30 zinakuwa 20. Kwa somo jipya kwa Kiingereza cha lafudhi usiyoizoea, rudi 1 au hata 0.9. Na kwenye bodaboda usivae hedifoni kabisa, abiria wala dereva.

Basi nani achague nini

Mwanafunzi wa udaktari au uuguzi: kikao na wodi kwanza, podikasti za kufikiri kesi pili, mbili kwa wiki zinatosha. Zaidi ya hapo anakusanya sauti kama mtu anayekusanya vitabu asivyovisoma.

Daktari wa mafunzo kwa vitendo hana muda wa kingine. Podikasti njiani, mwongozo kwenye simu, kadi mfukoni. Zoom aingie ile tu yenye kesi.

Tabibu au muuguzi wa zahanati ya mbali, Same au Ngorongoro: Zoom ya kesi ikipatikana, sauti za Kiswahili zenye jina na tarehe, na podikasti chache alizochaguliwa na mtu wa hospitali ya rufaa anayezijua. Kumpa orodha ya podikasti 40 za Marekani ni kumwonea.

Bingwa: podikasti za majarida, kujua nini kimechapishwa kabla hajaamua nini asome chote. Yeye ndiye anayeweza kupima kama utafiti unatuhusu, kwa hiyo yeye ndiye anadaiwa zile dakika za Jumatatu.

Mkiamua kurekodi yenu

Wengine, baada ya kupima haya yote, wanaona pengo: podikasti ya Kiswahili, ya wodi ya huku. Inawezekana kwa simu moja. Kipindi kiwe na swali moja na dakika 8 hadi 12. Chagua chumba chenye mapazia na godoro, si ofisi yenye vigae inayorudisha mwangwi, feni izimwe. Simu ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili herufi "p" na "b" zisipige upepo kwenye kipaza sauti. Hifadhi kwa mono, kilobiti 64. Kila dozi itamkwe mara mbili, ya pili namba mojamoja, na iandikwe kwenye maelezo ya kipindi pamoja na ukurasa wa mwongozo. Anzeni kwa tarehe na majina, malizieni kwa tarehe ambayo kipindi kitapitiwa upya au kuondolewa.

Kesi ya mgonjwa isitambulike. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya zimo katika kundi nyeti. Ondoeni jina, kijiji, tarehe ya kulazwa, kazi, na hata umri kamili kama ugonjwa ni wa nadra. Mzee wa miaka 93 mwenye ugonjwa usio wa kawaida Marangu anajulikana bila jina. Ombeni ruhusa ya hospitali kwa maandishi, na kabla ya kurusha hadharani ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni. Kisha mpeni mtu mmoja wa nje ya idara asikilize kipindi chote akiwa na kalamu, aandike kila namba aliyoisikia. Namba zake zikitofautiana na za mwongozo, rudini kurekodi.